Kifua Changu na Jimnastiki ya Nekesa

Kikohozi kilinianza wakati wa baridi ya Julai, kwa hivyo hakuna aliyekishangaa. Nairobi nzima hukohoa Julai. Katika chumba tulichokuwa tukishonea, juu kabisa ya jengo moja la River Road, tulifunga madirisha ili tupate joto, na vumbi la vitambaa likatuingia puani kutwa nzima. Mmoja akikohoa, mwenzake alimwambia anywe tangawizi. Nikanywa tangawizi. Nikanywa maji ya limau, dawa ya chupa ya dukani, na asali ambayo mume wangu, Wafula, aliletewa na mtu kutoka nyumbani Bungoma. Agosti ikaisha nikiwa bado nakohoa.

Sketi zikaanza kunizunguka kiunoni. Kwa kuwa mimi ni fundi, nilizipunguza. Baada ya wiki chache nikazipunguza tena.

Siku hizo wiki yangu yote ilielekea Jumamosi. Mtoto wetu wa pekee, Nekesa, alikuwa darasa la sita, na tangu akiwa mdogo jimnastiki ilikuwa imemshika jinsi mpira unavyowashika watoto wengine. Mwalimu wake mmoja alimwona akipinduka uwanjani, akatuelekeza kwa Kocha Mwangi, kijana mpole aliyefundisha wasichana katika ukumbi wa shule moja upande wa Westlands. Mimi nilichokijua kilikuwa sarakasi za barabarani tu. Sikujua kuna mchezo ambao mtoto hutembea juu ya boriti yenye upana wa kiganja, anaruka, anageuka hewani, anatua palepale, na watu wasiocheka wanampa alama. Nikajifunza. Nikajifunza hata kushona yale mavazi ya kubana, maana kitambaa kinachovutika hakimtii kila fundi. Timu nzima ilivaa kazi ya mikono yangu. Kila Jumamosi tulitoka Kangemi asubuhi, mimi nikaketi kwenye benchi la ukutani hadi mazoezi yaishe, na sidhani kuna mahali nilipokuwa na furaha kuliko pale.

Jumamosi moja ya Septemba nilikohoa mpaka Nekesa akasimama juu ya boriti akaniangalia. Kocha aliniita nje.

"Mama Nekesa, hiyo kifua yako umeenda kuangaliwa?"

"Ni baridi tu, Kocha."

"Baridi iliisha." Alitazama viatu vyake. "Mimi sina shida na wewe. Lakini wazazi wanaongea. Wameniambia wakikuona tena hapa ndani, watatoa watoto wao. Enda uangaliwe, tafadhali. Nekesa aendelee kuja, lakini wewe..."

Nilimngojea mtoto wangu nje, kwenye ngazi, nikisikia miguu yao ikitua juu ya magodoro ndani. Nilijaribu kutambua ya Nekesa ni ipi.

Wafula alikuwa mjumbe katika ofisi moja ya Upper Hill, akipeleka barua kutoka jengo hadi jengo, na hospitali kubwa ilikuwa karibu na kazi yake. Jumatatu tulienda pamoja. Mtu akiniuliza leo ugonjwa ule ulikuwaje, kwanza namwambia juu ya mabenchi. Wagonjwa wa kifua huketishwa karibu na madirisha, na madirisha huachwa wazi, kwa hivyo wale wanaosikia baridi kuliko watu wote ndio wanaokaa penye upepo. Tulijifunga leso na makoti. Foleni haikuwa ya kusimama: mtu wa kwanza kule mbele akiingia, sote tulisogea kiti kimoja, na kila nilipoketi nilikuta joto la mgonjwa aliyetoka. Nilitoa makohozi siku hiyo na asubuhi iliyofuata. Nikapigwa picha ya kifua nikiwa nimekumbatia ubao wa chuma ulionitetemesha. Halafu tukangoja tena.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Alisema, "Mama, ni TB. Inatibika. Utameza dawa miezi minane na utapona, lakini usikose hata siku moja."

Nilisikia "TB". Yale mengine yote alikuja kunikumbusha Wafula.

Ni lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa wakati ule analijua. Siku hizo ukisema TB, msikilizaji alisikia ukimwi. Wafula alitangulia hadi nje ya lango. Hapo akasimama.

"Robai, twende tupimwe ile ingine. Sisi wote wawili. Hapa hapa, leo."

Tulipimwa. Tuliketi bega kwa bega mbele ya mlango wenye pazia. Sikuwa na sababu ya kumshuku, wala yeye kunishuku, lakini hofu haisubiri sababu. Tulipoambiwa wote hatuna virusi, Wafula alifunika uso kwa kofia yake akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimechoka mno, nilitaka kulala tu. Wengi niliokuja kukaa nao katika foleni za baadaye walikuwa na magonjwa yote mawili, na nimewaona wakipona kifua kama nilivyopona mimi. Nataka hilo lijulikane, hasa kwa mtu anayesoma haya akiwa bado anaogopa kwenda kupimwa.

Nekesa naye alipigwa picha, akachomwa sindano ya kipimo mkononi, akaonekana mzima. Jioni ya siku tuliyopata majibu yake, wifi yangu Beatrice alifika. Ni dada mkubwa wa Wafula, mwanamke wa kanisa, mwenye mwili na sauti, na alikuwa amepanga nyumba huko Mutuini pamoja na mumewe. Nekesa humwita Senge, kama sisi Waluhya tunavyomwita shangazi wa upande wa baba. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akafunga mdomo kwa kitambaa cha kichwa.

"Mtoto anakuja kwangu mpaka hiyo dawa ifanye kazi."

"Na mazoezi yake?" nikauliza.

"Mazoezi!" Alimgeukia kaka yake. "Wafula, unasikia? Mtu amebaki mifupa, na bado anafikiria vile mtoto atapinduliwa matako juu mbele ya watu. Msichana anakua, na mnamvalisha nguo ya kuogelea!"

Wafula hakunitetea. Nekesa alibeba mkoba wake wa shule na godoro dogo lililokunjwa, akaniangalia kutoka upande wa pili wa chumba kwa sababu tulikuwa tumeambiwa asinikaribie, akaenda.

Mwezi wa kwanza wa dawa ulikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Vidonge vilikuwa vikubwa, vyekundu kama udongo wa kwetu Kangemi, na nilivimeza alfajiri kabla ya kitu chochote kuingia tumboni. Mkojo ukawa mwekundu, na siku ya kwanza nilidhani ni damu nikapiga kelele chooni mpaka majirani wakaja. Magoti na vidole vikaniuma hivi kwamba sindano iliniponyoka. Nilitapika. Nywele zikabaki kwenye kitana. Ngozi ya mashavu ikaingia weusi. Wafula alihamia sebuleni, akalala kwenye kochi. Alikuwa akipika uji, anauweka mezani, anarudi nyuma, ndipo ananiita. Sikumlaumu. Lakini mtu anayekuwekea uji akarudi nyuma kila siku, mwisho unauona uji kama chakula cha mfungwa.

Kila wiki nilienda kliniki ya kifua mjini kuchukua dawa. Nilitembea polepole, nikipumzika penye kila ukuta. Ilikuwa Oktoba na mijakaranda imechanua. Niliyakanyaga maua yake ya zambarau bila kuyaona, nikihesabu pumzi tu. Kliniki ilikuwa na sista mmoja mnene, mcheshi, ambaye hakuwahi kurudi nyuma. Alinishika kiganja kwa mikono yake yote miwili, mikono mitupu isiyo na glavu, akaniuliza, "Sasa, fundi, umekula nini leo?" Nilingoja wiki nzima nishikwe mkono na yule sista. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Wakati huo Nekesa hakuwa akienda mazoezini. Nilikuwa na simu ya mkononi, nami nilimpigia kwa simu ya Beatrice kila Jumapili. Aliniambia yuko sawa, anasoma, anakula. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyemtembelea mgonjwa. Wiki ya tatu Beatrice mwenyewe ndiye aliyeshika simu.

"Mama Nekesa, huyu mtoto wako anataka kuniua."

"Amefanya nini?"

"Kuta zangu zimejaa nyayo! Anasimama na mikono kila mahali, miguu ukutani. Nikimkataza sebuleni, anaenda jikoni. Jana nimemkuta anatembea juu ya ukingo wa karo. Na hamalizi chakula. Anakula nusu." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hayo mazoezi ni saa ngapi?"

Jumamosi iliyofuata, mvua za vuli zikiwa zimeanza, Beatrice alimpeleka Nekesa Westlands kutoka Mutuini, magari mawili na matope. Mimi sikuruhusiwa kuingia, nikabaki kitandani na simu kifuani. Ilipolia, nilisikia sauti yake ikinong'ona kama aliye kanisani.

"Nimekaa. Amevaa ile nguo. Yesu."

"Yuko wapi sasa?"

"Amepanda kile kibanzi. Anatembea. Anarudi nyuma, Robai, anarudi nyuma bila kuangalia! Sasa ameinama... Woi! Ameruka!"

"Ametua vipi? Magoti yamepinda?"

"Mimi nitajuaje magoti? Hajafa. Anacheka."

Ndipo nilipolia. Nililia mpaka kikohozi kikaja, na kwa mara ya kwanza kilikuja kidogo kikaondoka.

Ikawa desturi yetu. Kila Jumamosi Beatrice alinitangazia, na kwa kweli alikuwa mtangazaji mbaya. Hakujifunza jina la mtindo hata mmoja. Lakini aliniambia mambo ambayo mimi, mwenye kuhesabu makosa ya vidole na magoti, sikuwahi kuyaona: kwamba Nekesa huvuta pumzi na kufumba macho kabla ya kupanda, kwamba wenzake humtafuta wakianguka, kwamba Kocha humtumia kuonyesha wengine.

Mwisho wa mwezi wa pili wa dawa nilitoa makohozi tena. Yule sista aliyasoma majibu akanipigia makofi mbele ya foleni nzima. "Safi! Hakuna kitu. Huwezi ambukiza mtu. Mtoto arudi nyumbani, na bwana arudi kitandani!" Watu walicheka, na mimi nikaona haya, nikafurahi. Nekesa alirudi kabla ya Krismasi. Alinikumbatia kiunoni, akatoa mikono haraka, akaitazama kana kwamba amejichoma.

"Mama, uko mwembamba."

"Nitanenepa."

"Lini?"

Sikujua lini. Watu hudhani ukisema umepona makohozi basi umepona. Ilibaki miezi sita, na hiyo ndiyo iliyonichosha kwa sababu hakuna aliyenihurumia tena. Wafula alirudi kitandani, lakini kwa muda mrefu alilala akinipa mgongo, na tulilazimika kugombana siku moja kwa maneno makali ndipo akageuka. Aliniambia aliogopa kuninusa akanusa kifo, kwa sababu mama yake alikufa kwa kifua yeye akiwa mdogo. Hakuwahi kunieleza. Januari ya jua kali ilipofika, njaa ikanijia, njaa ya ajabu. Jirani mmoja wa Mountain View niliyemshonea zamani alinitumia mayai na nduma kila wiki bila kuombwa. Nilikula mpaka Wafula akaniogopa. Sketi nilizozipunguza nikaanza kuzifumua.

Wazazi wa ukumbini bado hawakunitaka. Nilimweleza Kocha majibu ya kliniki, akaniamini, akawaeleza, nao wakatikisa vichwa. Niliendelea kukaa kwenye ngazi za nje. Nilikuwa nimechoka kuliko kukasirika.

Mashindano yalikuwa Machi, katika ukumbi mkubwa mjini ambako mlango haukuwa wa wazazi wale wala wa Kocha. Niliwaambia Wafula na Beatrice nitaingia. Ngazi za kupanda viti zilinimaliza. Nilipoketi, jasho lilikuwa likinitiririka, nikakohoa mara moja, kikohozi cha vumbi tu. Mama mmoja wa timu yetu, ambaye nilimshonea binti yake mavazi matatu, aliwakusanya watoto wake akahamia safu ya mbele. Kiti kilichokuwa kando yangu kikabaki wazi. Watu walikiona, wakapita.

Beatrice alikuwa upande wa pili wa Wafula. Aliinuka na mwili wake wote, akaniruka magoti, akajitupa kwenye kile kiti mpaka safu nzima ikatikisika. Alichukua chupa ya maji niliyokuwa nikinywa mkononi mwangu, akanywa, akapangusa mdomo, akasema kwa ile sauti yake ya kanisani, "Aa! Maji matamu." Yule mama wa mbele hakugeuka. Wafula alitazama juu kwenye dari, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Nekesa alikuwa wa tano kwenye boriti. Hakuanguka, lakini niliona tangu mwanzo kwamba kuna kitu kimepungua. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na uso wake ulikuwa mgumu kama wa mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Alitua, akainua mikono kwa majaji, kisha macho yake yakatutafuta juu mpaka yakanipata. Hakutabasamu. Alihakikisha tu kwamba nipo.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, akifungua vibanio vya nywele.

"Umefanya vizuri," nikamwambia.

"Sasa naweza kuacha?"

Nilidhani sikusikia. "Kuacha nini?"

"Mama, usikasirike." Aliongea akitazama vibanio. "Wakati ulikuwa mgonjwa nilimwambia Mungu, nikifanya mazoezi kila siku bila kukosa, hutakufa. Ndio maana nilikuwa nafanya hata jikoni kwa Senge. Na daktari alisema usikose dawa hata siku moja. Na mimi sikukosa. Lakini nimechoka. Mgongo unaniuma. Saa hii umepona, si ndiyo? Naweza kuacha?"

Nilikaa chini kando yake. Miezi yote ile nilikuwa nimezishikilia zile nyayo ukutani kama habari njema, kwamba angalau mtoto wangu ana kitu anachokipenda. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mtoto naye alikuwa akimeza kitu kila siku, kichungu kuliko changu, na hakuna sista wa kumshika mkono.

"Sikiliza," nikasema. "Dawa ndiyo iliniponya. Dawa na Mungu. Hakukuwa na deni lako hapo. Hata ungelala kutwa nzima ningepona."

"Kweli?"

"Kweli. Acha. Lala."

Alilala pale pale, kichwa mapajani mwangu, katika kelele zote zile za watu na vipaza sauti. Beatrice alipokuja kutuita, nilimwashiria anyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinyamaza.

Nilimwambia Kocha kwamba Nekesa anapumzika. Hakubishana. Masika yalifika, Waiyaki Way ikajaa madimbwi, na Jumamosi zetu zikawa za kulala. Nilirudi kushona nusu siku. Nilikuwa nikichoka saa saba, nikirudi nyumbani, nalala hadi Nekesa anapotoka shuleni, kisha tunakula wote wawili kimya kama wafanyakazi waliotoka zamu moja. Sikumwuliza kama atarudi mazoezini. Yale mavazi yake niliyafua, nikayakunja, nikayaweka juu ya kabati. Ilinigharimu kutomwuliza. Mzazi aliyepona hutaka kila kitu kipone siku hiyo hiyo, nami ningemwomba yeyote aliye katika hali hii amwulize mtoto wake, mapema kuliko nilivyojua mimi, ni ahadi gani ameiweka peke yake.

Mei nilimeza vidonge vya mwisho. Sista alinikumbatia, akaniambia asingependa kuniona tena, tukacheka. Kifua hakijarudi kama kilivyokuwa. Hadi leo kilima kidogo hunisimamisha, na kwenye picha kuna kovu ambalo daktari husema nitakufa nalo nikiwa bibi kizee. Nimelizoea.

Jumamosi moja baada ya hapo, nilikuwa bado kitandani, jua limetoka baada ya siku nyingi za mawingu. Nilisikia kiti kikiburutwa, kabati likifunguliwa. Nikaenda kuangalia. Nekesa alikuwa amevaa koti la shule juu ya lile vazi, ambalo sasa lilimbana mabegani kwa sababu alikuwa amekua. Alikuwa akijaribu kuvuta mikono ya vazi ifike viganjani.

"Unaenda wapi?"

"Mazoezi."

"Nani amekutuma?"

Alifikiri, jinsi mtoto anavyofikiri akitaka kusema ukweli. "Hakuna. Nimeota nikigeuka, nikaamka nikitaka."

Nikamwambia aningoje nivae viatu.